Daftari la vituo vya daladala

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 25, nimemaliza shahada ya ugavi mwaka jana na ninaishi kwa wazazi, Mtoni kwa Azizi Ali. Ndoto yangu tangu utotoni ni redio. Nimepeleka CV kwenye vituo tisa; kimoja tu ndicho kilichonijibu, wakaniambia nikajitolee bila malipo wala nauli. Ninapenda mpira, napenda muziki wa dansi wa zamani, na (naomba usicheke) nina daftari ninamoandika asili ya majina ya vituo vya daladala, nimefika 61. Rafiki zangu wanasema nifungue chaneli ya mpira, ndiko watu waliko. Baba, ambaye alikuwa dereva wa UDA, lile shirika la mabasi ya jiji, anasema redio si kazi, nitafute ajira ya stoo au bandarini. Je, nirudi chuo nikasome uandishi wa habari? Nijitolee? Nifungue chaneli? Nifanye nini na haya ninayoyapenda?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Sikucheka hata kidogo. Nimetayarisha vipindi vya redio katika jiji hili kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika barua yako yote, jambo lililonifanya nimwite mwenzangu aje asome ni lile uliloliweka kwenye mabano. Kwa hiyo nitaanzia kwenye daftari, ndipo nije kwenye mengine.

Ila kwanza uelewe upande wetu wa meza. Kituo cha redio kiko hewani saa 24. Kila siku mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi anaamka na saa tatu au nne za kujaza. Muziki utajaza kiasi chake, matangazo ya biashara kiasi chake, taarifa ya habari na simu za wasikilizaji vivyo hivyo. Kinachobaki ni vipande vya dakika mbili, tatu, tano, na hivyo lazima viwe na kitu ambacho msikilizaji hakukisikia jana. Hapo ndipo tunapohangaika. Saa mbili kasoro dakika kumi, mgeni aliyeahidi kufika yuko kwenye foleni Mwenge, simu haipokei, na mtangazaji ananitazama kupitia kioo cha studio akisubiri nimwambie tunafanya nini. Saa hiyo simkumbuki mwenye CV nzuri. Namkumbuka mwenye dakika tatu zilizokamilika.

CV yako sijaiona, lakini nimeona mamia ya ndugu zake. Zinasema mwombaji anajituma, anapenda mawasiliano, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Sizitupi kwa dharau. Tatizo ni kwamba karatasi haina sauti, na mimi kazi yangu ni sauti. Vituo tisa havikukukataa wewe, havijakusikia bado.

Sasa tuzungumze kuhusu hivyo unavyovipenda. Rafiki zako wamesema kweli kwamba kwenye mpira ndiko watu waliko, na watangazaji wako huko huko. Karibu kila redio ya Dar es Salaam ina kipindi cha michezo, na wengi wa wanaokaa kwenye viti hivyo wamejenga urafiki na makocha, madaktari wa timu na viongozi wa Msimbazi na Jangwani kwa miaka mingi. Wakipiga simu inapokelewa. Wewe ungekwenda na maoni, na maoni ya Simba na Yanga yanapatikana bure kila kijiwe chenye kahawa. Ungeniandikia kwamba unajua kila timu ya mchangani inayocheza uwanja wa Bandari pale Temeke, majina ya makipa wao na wanakofanya kazi mchana, ningekujibu vingine kabisa. Hukusema hivyo. Basi mpira ubaki kuwa burudani yako ya Jumamosi, uendelee kuupenda kwa raha.

Dansi naipenda kama wewe, labda zaidi, maana nilikulia kwenye nyumba ambayo bendi za Msondo na Sikinde ziligawanya ukumbi: baba upande mmoja, mjomba upande mwingine. Lakini kwenye dansi wapo wazee wanaojua nani alipiga solo kwenye wimbo gani na kwa nini aliihama bendi, na wako hai, na wanasikiliza. Ukitaja vibaya watakupigia simu kabla hujamaliza sentensi. Usiiache. Iweke kama kiungo, utaona inakoingia.

Daftari ndilo lenye kazi. Fikiria nani anasikiliza redio asubuhi hapa mjini: mtu aliyebanwa kwenye Coaster kutoka Gongo la Mboto, dereva wa bajaji pale Tabata, mama anayekaanga vitumbua Buguruni. Kila mmoja ana kituo anachoshukia, na jina la kituo hicho konda hulitaja mbele yake siku nenda siku rudi. Karibu hakuna anayejua lilitoka wapi. Mapipa ya Magomeni yalikuwa na nini ndani, na nani aliyaweka? Argentina imefikaje Manzese? Kituo cha mafuta hubadili rangi na mwenye mali, lakini Buguruni Sheli inabaki kuwa Sheli. Urafiki wanashuka vijana wengi wasiojua kwamba jina ni la kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Na Sinza kwa Remmy (hapa ndipo dansi yako inapoingia) kuna watoto wa shule wanashuka kila siku ambao hawajui kwamba Remmy alikuwa mtu: Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akaja kuongoza Super Matimila, akaishi Sinza, akafariki Desemba 2010. Mtu amekufa, konda bado anamwita kila asubuhi. Mimi hilo linanisisimua, na ninajua litamsisimua mtu wa Coaster na mama wa vitumbua.

Kupenda kitu peke yake hakumpi mtu kazi kwenye redio. Kinacholipwa ni kile ambacho mapenzi hayo yamekufanya ukijue, kama wengine wanakihitaji na hawana pengine pa kukipata. Mpira unaupenda, lakini unachokijua anakijua kila mtu. Vituo unavipenda, na umekusanya 61 bila kuagizwa na mtu. Tofauti ni hiyo tu, na ndiyo itakayokupa kazi.

Tutengeneze kimoja pamoja basi, ili usibaki na maneno matupu. Chukua kituo chako mwenyewe, Mtoni kwa Azizi Ali, kwa sababu unafika kwa miguu na hutatumia nauli.

Nenda saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hujazungumza na mtu, rekodi kituo chenyewe kwa dakika nzima huku umefunga mdomo: konda anavyoita, anavyogonga bodi gari liondoke, sarafu zinavyolia kiganjani, mlango unavyojifunga kwa kishindo. Dakika hiyo itakuwa mkeka ambao maneno yako yatakaa juu yake. Vijana wengi wananiletea sauti iliyorekodiwa chumbani mwanzo hadi mwisho, kavu, na msikilizaji hajui yuko Mtoni au Moshi.

Simu uliyonayo inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asikukatize kwa kupiga. Ishike shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo badala ya mbele kabisa, la sivyo kila "p" na "b" italipuka kama puto. Upepo upe mgongo. Mzee unayemhoji mtoe barabarani, mkae nyuma ya ukuta au ndani ya gari lililoegeshwa. Rekodi sekunde kumi, vaa spika za masikioni, sikiliza, ndipo uendelee. Maelezo yako mwenyewe yasome nyumbani ukiwa umefungua kabati la nguo na kuelekeza uso ndani yake, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Nimesoma taarifa namna hiyo nyumba za wageni mikoani, na hakuna msikilizaji aliyewahi kuuliza nilikuwa wapi.

Ukifika kwa mzee, mwambie wewe ni nani, unafanya nini na sauti yake itakwenda wapi, umwombe ruhusa, na ruhusa hiyo uirekodi. Jina lake mwandikie kwenye karatasi alione kwa macho yake. Halafu uliza maswali mafupi. "Ulihamia hapa mwaka gani?" "Wakati huo palikuwa panaitwaje?" "Azizi Ali mwenyewe uliwahi kumwona?" Ukishauliza, nyamaza. Huu ndio ugumu mkubwa kwa vijana. Ukimya wa sekunde tatu unawatisha, wanauziba kwa swali jingine, na lile ambalo mzee alikuwa analitafuta akilini linarudi lilikotoka.

Kuna bibi mmoja nilimhoji Ilala nikiwa na mwaka wa pili kazini. Dakika ishirini alinijibu "ndiyo", "hapana", "zamani palikuwa pazuri". Nikakata tamaa, nikazima rekoda, nikaanza kukunja waya. Nikiwa nimeinama, akasema kwa sauti ya chini jinsi walivyokuwa wakisikia treni ya usiku na yeye akiwahesabia wanawe mabehewa mpaka walale, na kwamba mmoja wa wale watoto aliondoka na treni hiyo hiyo na hakurudi. Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa adabu, lakini yalikuwa maneno tu. Tangu siku ile sizimi rekoda mpaka nimevuka kizingiti cha mlango.

Kisha andika. Kwa mwendo wa kawaida wa kusoma redioni, dakika tatu ni kama maneno 350. Ukitoa dakika moja ya mzee na sauti ya kituo, umebakiwa na maneno kama 230 ya kwako. Ni machache, kwa hiyo usiyatumie kufagia uwanja. Najua utataka kuanza hivi, maana shuleni tulifundishwa hivi sote: "Mtoni kwa Azizi Ali ni moja kati ya vituo maarufu vya daladala vinavyopatikana katika Wilaya ya Temeke, mkoani Dar es Salaam." Hapo mtu wa Coaster amesharudi kwenye mawazo ya kodi ya nyumba. Jaribu hivi: konda anasikika akiita "Azizi Ali, Azizi Ali wa kushuka!", mlango unafunguka, kisha wewe: "Wameshuka abiria wanane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo anayeitwa." Sasa msikilizaji anataka kujua, nawe unamwambia: Azizi Ali alikuwa mkandarasi wa majengo hapa mjini enzi za ukoloni, na mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Kisha mzee wako anaingia, anaeleza pale palivyokuwa. Kisha mlango wa gari unajifunga. Umemaliza. Usiongeze "hivyo basi, vijana hatuna budi kuienzi historia yetu." Aliyeguswa ameshaguswa.

Jambo moja nakuomba ulishike kwa mikono miwili, maana majina ya mahali yana uongo mtamu mwingi. Kila kituo kina hadithi tatu, na ile inayochekesha zaidi ndiyo inayosambaa. Mimi niliwahi kurusha maelezo ya jina la mtaa mmoja niliyopewa na mzee mwenye kipaji kikubwa cha kusimulia. Sikumuuliza mwingine. Wiki hiyo hiyo akaja mama mmoja mapokezi, ameshika hati ya nyumba ya babu yake kwenye mfuko wa plastiki, jina lenyewe limo, na halikuwa na uhusiano wowote na niliyoyasema. Hakugomba. Alisema tu kwamba wajukuu walisikia redioni kuwa babu yao hakuwahi kuwepo. Tulisahihisha hewani kesho yake, saa ile ile, na nilisoma mwenyewe. Mpaka leo namkumbuka na ule mfuko wake.

Kwa hiyo chukua daftari lako uligawe. Wewe umesoma ugavi. Leja unaijua kuliko sisi wote tuliosoma uandishi. Kilichoingia, kimetoka kwa nani, tarehe gani, kimehakikiwa na nani. Fanya hivyo hivyo kwa kila jina. Lenye ushahidi wa maandishi au wazee watatu wasiofahamiana, weka alama moja. Lenye hadithi tu, alama nyingine. Hilo unaweza kulirusha, mradi useme wazi kwamba ni simulizi, na kama zipo mbili uziweke zote. Lisilo na chochote liache litulie. Katika 61, sitashangaa ukibakiwa na 20 imara, na 20 ni kazi ya miezi mitano ukitoa kimoja kila wiki. Tenga pia siku uende Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, uombe magazeti ya zamani. Ni kazi ya vumbi na subira, lakini jina la kituo likionekana kwenye gazeti la miaka hiyo, umepata kitu ambacho mpiga domo yeyote hawezi kukunyang'anya.

Tengeneza kumi kabla hujamwonyesha mtu. Kimoja kizuri kinaweza kuwa bahati. Kumi vinaniambia kwamba Jumatatu ijayo nitapata kingine. Kisha usipeleke kwa mkurugenzi wala kwa "Kitengo cha Rasilimali Watu". Chagua kipindi kimoja, kisikilize wiki nzima, ujue dakika gani huwa wanalegea, umtafute mtayarishaji wake kwa jina. Mtumie faili moja kwa WhatsApp, na mistari mitatu: mimi ni fulani, hiki ni kipengele cha dakika tatu kuhusu asili ya jina la kituo fulani, ninavyo vingine tisa tayari na naweza kuleta kimoja kila wiki. Asipojibu, baada ya wiki mtumie cha pili bila kulalamika. Tuna usahaulifu mwingi sisi, si ubaya.

Kuhusu kujitolea. Sitakuambia ukatae, kwa sababu wengi tulioko humu tuliingia kwa mlango huo. Wala sitakuambia ukubali kama ulivyoelezwa. Kutoka Mtoni hadi huko Mikocheni ziliko redio nyingi ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, na chakula cha mchana. Zidisha kwa siku 22 uone nani anayemlipa nani. Ukienda, nenda na masharti yako, uyaseme kwa heshima siku ya kwanza: siku tatu kwa wiki, miezi mitatu, na uwe chini ya mtu mmoja anayejulikana ambaye atakufundisha kuhariri sauti na kukaa kwenye mitambo. Siku zilizobaki fanya kazi ya stoo anayoisema baba. Natamani mtu angeniambia hili mapema: mwenye mshahara wa stoo hufanya kazi nzuri zaidi ya redio kuliko mwenye njaa, kwa sababu anaweza kukataa.

Nasema kukataa kwa sababu ya bahasha, yaani pesa anazopewa mwandishi na watu anaowaandika. Utaikuta. Kwenye mikutano ya waandishi inaitwa nauli, na imezoeleka mpaka asiyepokea anaonekana mgeni. Kwako itakuja kwa njia yake: mwenye duka jirani na kituo atakuomba "umtaje kidogo tu", au familia itataka jina la babu yao liwekwe pale ambapo babu wa jirani ndiye aliyekuwepo, na watakupa soda, kisha elfu kumi. Soda kunywa. Ile elfu kumi irudishe mbele ya watu. Daftari lako thamani yake ni kwamba haliuzwi. Siku likiuzwa jina moja, mengine sitini yameshakufa.

Chaneli fungua, ila ichukulie kama rafu ya kuweka kazi zako zionekane, usiitegemee kwa kodi ya nyumba. Hapa kuna sheria mbili usiziruke. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza, leseni ilikuwa shilingi milioni moja, na wapo waliofunga blogu zao kwa sababu hiyo. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo usiamini unayosikia kijiweni: panda gari la Simu 2000, ingia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pale Mawasiliano Towers, waeleze unachotaka kurusha, upate jibu la siku hiyo. Ya pili ni muziki. Ukifika Sinza kwa Remmy utatamani kuweka wimbo wake chini ya maneno yako. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi ya msanii inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ya Remmy inafika 2060. Redio zina utaratibu wake wa kulipia nyimbo, wewe na chaneli yako hamna. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize, au mtafute mpiga gita akupigie kitu kipya. Wapo wengi wazuri hapa mjini, na watafurahi kutajwa.

Kurudi chuo kunategemea unataka kuwa nani. Ukitaka kukaa chumba cha habari, uripoti mahakama, Bunge, ajali, basi stashahada haikwepeki: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, na kanuni zake za mwaka uliofuata ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Anayetoa ithibati sasa ni Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Waulize wao wenyewe shahada yako ya ugavi inakuweka wapi na unahitaji kuongeza nini. Lakini ushauri wangu ni kwamba usilipe ada mwezi huu. Tengeneza vipengele kumi kwanza. Ukivimaliza na bado unatamani, utaingia darasani ukiwa na maswali, na mwalimu atakupenda. Ukishindwa kumaliza vitano, umeokoa ada ya wazazi.

Nimemwacha mzee mwisho kwa makusudi. Usibishane naye. Anaposema redio si kazi, anaongea kama mtu aliyelea familia kwa usukani na anajua mwisho wa mwezi unavyokuja. Ana haki. Lakini hebu angalia ulichoandika, nadhani hukukiona: alikuwa dereva wa UDA. Mwaka 1983, UDA ikiwa imeelemewa na abiria, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba watu, nauli ilikuwa shilingi tano, ile sarafu iliyoitwa "dala", na makonda wakawa wanaita "dala, dala". Kama alikuwa kazini miaka ile, baba yako aliliona jina hilo likizaliwa kupitia kioo cha mbele cha basi alilokuwa analiendesha. Unalala naye nyumba moja na umekwenda kuuliza watu wa vituo 61.

Jioni moja, akishakula na kunywa maji, kaa naye barazani, weka simu juu ya stuli kati yenu, mwombe ruhusa kama unavyomwomba mgeni, umuulize vituo vya njia yake ya kwanza, kimoja baada ya kingine, kutoka mwanzo wa ruti mpaka mwisho. Usimwambie ni kwa ajili ya kazi. Muulize nani alikuwa anapandia wapi. Na akinyamaza, nawe nyamaza.

Kipengele hicho kikikamilika, kitumie kwenye anuani hii hii uliyonitumia swali, faili la sauti peke yake. Nitakisikiliza siku hiyo hiyo kikifika na nitakujibu kwa dakika na sekunde: hapa pameshika, hapa kata. Msalimie mzee.